Zefe ya Maulidi kwa Penseli
(Hotuba iliyosomwa katika chakula cha mchango cha mwaka)



Tuliitwa hapa kusoma hesabu. Hesabu zimo ukurasa wa mwisho, zimekaguliwa. Tunaomba ruhusa tuseme juu ya michoro hii iliyotundikwa ukutani.

Mfunguo Sita uliopita tulikwenda nyumbani Lamu kwa Maulidi, sisi na watoto wetu, tukachukua madaftari na penseli. Siku ya ziara ya kaburi la Habib Swaleh tulikaa ukutani pale pwani, tukaingojea zefe ikirudi kuelekea Riyadha. Mwenye simu hupiga picha akaendelea na mazungumzo yake. Mwenye penseli hana budi kutazama. Na zefe haimsubiri mchoraji. Hujamaliza kofia ya huyu, kashapita, kanzu unaimalizia kwa mwingine. Ndiyo maana yule mzee wa mchoro wa tatu ana kichwa cha mtu wa Mkomani na miguu ya mtu wa Langoni. Wenyewe watatusamehe.

Matwari yakapita, bakora zikainuka, wanafunzi wa chuo safu kwa safu. Mtoto wetu akawa anauliza, "Huyu ni nani? Na huyu?" Tukanyamaza. Tumezaliwa mji ule, na wengi hatukuwajua.

Mzee aliyekaa karibu nasi akalichukua daftari, akatutajia mmoja mmoja: huyu mwana wa fulani, huyu mjukuu wa fundi aliyeuchonga mlango wenu. Tukaandika majina pembeni. Alipofika kwa kijana wa safu ya mbele, mwenye twari, alisema tu, "Huyu yuko nyumbani tangu muhula uliopita. Akili anayo. Karo ndiyo hana." Akafunua ukurasa mwingine.

Sisi ambao kutwa tunahesabu fedha za watu hatukuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo kamati imekubali fungu la kwanza la mchango wa leo liwe la karo, ya kijana huyo na wenzake, nayo italipwa moja kwa moja shuleni kwa risiti. Michoro yote itapigwa mnada baada ya chakula. Pale penye pengo ukutani ndipo ulipokuwa mchoro wake, aliuomba, tukampa. Mnada utaanzia kwenye pengo hilo.