PIANO YA BEI NAFUU NA BEGA LA MPAGAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kipsongo, Kitale)

Ndugu Wanachama,

Mmetuuliza: yawezekanaje piano, chombo kikubwa namna ile, ikanunuliwa na wafanya kazi wa ng'ambo, na sisi hapa Kipsongo tunanunua kitanda ghali kikalegea kabla ya mwaka? Jibu ni namna kazi inavyopangwa.

Litungu la ndugu zetu wa Bungoma lina nyuzi chache, na fundi mmoja hulimaliza peke yake. Piano ina nyuzi zaidi ya 200 na vibao 88 vya kubonyeza. Nyuzi hizo huvuta kwa nguvu ya tani nyingi, ndiyo maana ndani mna fremu ya chuma cha kusubu. Fundi mmoja akiifanya yote, atakayeinunua ni tajiri tu. Basi kazi iligawanywa: huyu nyuzi, yule nyundo, mwingine vibao, kila kipande kwa kipimo kimoja. Mbao nazo zilikaushwa kwanza, maana ubao mbichi hupinda na kuharibu sauti. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitoa piano zaidi ya 300,000. Yamaha wa Japani, walioanza kuunda piano mwaka 1900, walifuata njia hiyo wakajulikana duniani kote. Wingi hauharibu kitu. Kinachoharibu ni uzembe.

Lakini tusisahau jambo moja. Zamani vibao vyeupe vilivikwa pembe za ndovu. Pembe nyingi zilitoka Unguja kwenda Ivoryton na Deep River, miji ya Marekani. Karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Mumias, jirani yetu, ikitafuta pembe hizo. Zilisafiri begani mwa mpagazi, na wengine walikuwa watumwa. Piano ilipouzwa, nani alimkumbuka? Sehemu ya gharama aliilipa yeye. Siku hizi vibao ni vya plastiki, lakini swali lingalipo.

Kwa hiyo sisi tunaopasua mbao, kupiga randa na kusukuma mikokoteni tunadai mambo matatu: mbao zikaushwe kabla ya kuundwa; vijana wafundishwe vipimo; na ujira wa kila mmoja, tangu mpakiaji hata mpiga vanishi, uhesabiwe kabla bei haijatajwa. Chema chajiuza. Lakini kisiuzwe rahisi kwa kumpunja aliyekibeba.

Umoja ni Nguvu.