Taa ya Dagaa Ikitumbukia Ziwani

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Tulipokuwa shuleni, wavuvi wa Kibirizi walivulia karabai. Ikilowa, ilifutwa ikawashwa tena. Siku hizi wanatumia taa za betri, na ndani mna kibao cha nyaya nyembamba. Ikitumbukia majini, mwenyewe huwa na haraka, kwani siku za giza la mwezi ni chache, na usiku bila taa ni usiku bila dagaa. Huiwasha aone kama ni nzima. Hapo ndipo anapoiua.

Maji peke yake hayana kosa kubwa. Kosa ni umeme kupita katika maji yenye chumvi, na ya Tanganyika, ingawa tumeyanywa tangu utoto, yana chumvichumvi nyingi kuliko ya mvua. Umeme huo huila shaba, ikabaki kutu ya kijani.

Basi, ondoa betri kwanza. Fungua skrubu, suuza kibao kwa maji ya mvua au yale ya kuongezea betri (asidi hapana!), kisha spiriti na mswaki laini. Anika kivulini penye upepo siku mbili. Kufukia kwenye mchele hakuondoi chumvi. Ni kuharibu mchele. Betri ya lithiamu iliyoingia maji isichajiwe tena. Huweza kuwaka, na mtumbwini hakuna pa kukimbilia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama chetu kiwanunulie vijana wa fizikia bisibisi na spiriti, waanze na taa za Kibirizi.