Ufunguo wa Pili



Niliombwa niseme juu ya faida za elimu. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitasema juu ya siku ambayo elimu yangu haikunifaa kitu. Nina shahada ya Chuo Kikuu na nimeitumikia serikali zaidi ya miaka 15. Hata hivyo nimepata kusimama kizimbani hapa Same, nikisomewa shtaka la kuiba gari ambalo kadi yake ilikuwa na jina langu.

Nilimwuzia pikapu yangu mfanyabiashara wa tangawizi wa kule Mamba, mtu tuliyejuana tangu utoto. Bei ilikuwa shilingi milioni 12. Alinipa milioni 7, nyingine akaahidi kulipa baada ya mavuno. Tulipeana mikono barazani kwa baba, wala hatukuandika hata mstari mmoja. Nilimkabidhi gari na ufunguo mmoja. Kadi niliizuia, na ufunguo wa pili ukabaki kabatini mwangu.

Mavuno yakapita, bei ya tangawizi ikaanguka, ahadi zikawa nyingi kuliko fedha. Alfajiri moja nikaiona pikapu imeegeshwa karibu na stendi ya Same, dereva amekwenda kunywa chai. Nikatia ufunguo wa pili, nikaondoka nayo. Moyoni nilisema: nimechukua changu.

Jioni askari wakaja. Niliwaonyesha kadi kwa majivuno. Mmoja wao, mtu mzima, akaniuliza: "Na magunia haya na mizani iliyo nyuma, kadi yake iko wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nililala mahabusu.

Ndugu zangu, sheria niliisoma baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kusoma, maana kazini nilisimamishwa kwa nusu mshahara. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mkiuziana kitu mahususi kilicho tayari, bila sharti lolote, mali huwa ya mnunuzi tangu mnapopatana, hata kama malipo yatakuja baadaye. Muuzaji hubaki na deni la kudai, si gari la kuchukua. Nayo Kanuni ya Adhabu humlinda hata yule ambaye haki yake inatokana na kukishika kitu tu. Kwa hiyo mtu aweza kushtakiwa kuiba kitu anachokiita chake. Ni kweli kwamba kifungu cha 9 humkinga aliyetenda kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki, bila nia ya kudanganya. Lakini kinga hiyo unaieleza mbele ya hakimu, baada ya kukamatwa, baada ya jina lako kwisha kuenea mjini.

Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Laiti siku ile ningekuwa Mpare huyo! Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kutoka milimani kwa maelfu, wakaja hapa Same mchana kweupe kupinga kodi ya mbiru. Walikuwa na dai, wakalileta mbele ya wenye mamlaka. Mimi msomi nilikuwa na dai, nikalipeleka alfajiri kwa ufunguo wa kabatini.

Wazee wa pande zote mbili walikaa nasi. Nilirudisha gari na mizani, nikaomba radhi; naye akaandika namna atakavyolipa, akalipa. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya jirani. Yeye peke yake hakuweza kuifuta. Miezi saba ilipita kabla mashtaka hayajaondolewa. Kila kesi ilipotajwa, mama yangu aliteremka kwa basi kutoka milimani, akakaa benchi la nyuma. Hakunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mahabusu.

Vijana, mtauza na kununua mengi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni bei, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kulipa. Mkitaka mali ibaki yenu mpaka shilingi ya mwisho, liandikeni sharti hilo, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Na mwenzako akishindwa kulipa, mshtaki kwa kesi ya madai. Usimvizie akinywa chai.

Ufunguo ule wa pili sinao tena. Siku tuliyopatana nilimpa mwenyewe, pamoja na kadi. Ulistahili kuwa wake tangu siku ya kwanza.