Wenyeji wa Asili wa Marekani na Wajibu wa Serikali

Umaskini wa Wenyeji wa Asili wa Marekani una chanzo chake. Mwaka 1954, Bunge la nchi hiyo liliamua serikali kuu ijivue dhamana yake kwa watu wa Alabama-Coushatta, wakaao kaskazini-mashariki mwa Houston. Dhamana hiyo ilirejeshwa mwaka 1987. Kwa sheria ya mwaka 1956, vijana wa makabila mengi walihamishiwa mijini kujifunza kazi, Dallas ukiwa mmojawapo wa miji hiyo. Walipewa nauli na posho ya majuma machache. Huduma za afya za serikali zikabaki walikotoka. Aliyemng'oa mtu kwao hawezi kumwambia ajitegemee, kisha akanawa mikono. Kilichovunjwa kwa sheria hakina budi kujengwa kwa sheria.