Darasa la Gerezani Nalo Likaguliwe



Kura ya mlolongo ya mwaka 1988 ilitufunza kwamba hesabu isiyo na mkaguzi huru huandikwa apendavyo mwenye kalamu. Somo hilo twalipeleka leo penye darasa la gerezani.

Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa kuandika "Kenya: Twendapi?", naye akatoka na diwani ya Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1978, aliandika riwaya huko Kamiti juu ya karatasi za msalani. Lakini hao waliingia na elimu yao, na kuta hazikuweza kuwanyang'anya. Je, aliyeingia hajui kusoma hata hati ya mashtaka yake, atafundishwa na nani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 51 humwachia mfungwa haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwake. Nazo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka wafungwa wasiojua kusoma wafundishwe kwa lazima, na magereza yakaguliwe na idara yenyewe pamoja na chombo kilicho huru nayo.

Twawapongeza wafungwa wanaofaulu mtihani wa KCSE. Walakini cheti cha mmoja si ushahidi wa darasa zima. Mkaguzi na aulize: Afundishaye amesomea ualimu? Vitabu vyatosha? Mwanafunzi akihamishwa gereza katikati ya muhula, masomo yake humfuata? Mahabusu angojaye kesi naye ana nafasi? Wanafunzi wasailiwe faraghani, pasipo askari. Kisha ripoti ichapishwe, na mkaguzi arudi kuona lililorekebishwa. Ukaguzi usio na marejeo ni matembezi tu.

Wako watakaouliza: iwapo watoto walio huru wakosa madawati, mhalifu apewe ya nini? Twawajibu kwamba wengi wa wafungwa hao watarudi vijijini mwetu. Ama watarudi na kazi ya mikono na barua wawezayo kuisoma wenyewe, ama watarudi na yale waliyofundishana gizani. Jirani yao ni sisi.

Basi twadai mlango wa darasa hilo ufunguliwe kwa mkaguzi huru, na alionalo tulisome sote.