Nani Ameshika Swichi?

Maneno haya yalitolewa kwenye kikao cha vijana wa Chama, Nyamagana, Mwanza. Yamepunguzwa kidogo ili yasomeke.

Naona Buhongwa wapo, Igoma wapo, na Kirumba wamejaa kama kawaida yao.

Nimepewa mada ya siasa za kidijitali na dakika 20. Kwa hiyo lugha ya darasani naiacha chuoni. Naanza na gemu, maana nawajua.

Wangapi humu wameshawahi kununua gemu ya kupakua mtandaoni? Haya, mikono chini. Sasa nikuulize: ile gemu ni mali yako? Mara nyingi kisheria jibu ni hapana. Ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia mpaka mwenyewe atakapoamua vingine. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa gemu ya magari inaitwa The Crew. Watu wakatoa pesa zao wakanunua. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva, na gemu ile haichezeki bila seva. Hata mwenye diski mkononi alibaki na kisahani cha kuwekea kikombe cha chai.

Wenzetu hawakukaa kimya. California imetunga sheria, imeanza kazi mwaka 2025, inayoyataka maduka ya mtandaoni yamwambie mteja waziwazi kwamba anauziwa leseni. Ulaya zimekusanywa saini zaidi ya milioni 1 kudai gemu zilizouzwa zisiuliwe namna hiyo.

Nimeanza huko kwa sababu swali ni hilo hilo kwenye mambo yote nitakayosema leo. Kwenye kitu chochote cha kidijitali, usiishie kuuliza nani amelipia. Uliza nani ameshika swichi, na anaweza kuizima bila kumuuliza nani.

Twende kwenye hakimiliki. Hapa kuna vijana wanaona hakimiliki ni mambo ya wazungu na Hollywood. Siyo kweli. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ikitumika vizuri ni ngao ya mnyonge. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu, wakati huo ikijulikana kama Tigo, iwalipe Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa yao. Wasanii wawili dhidi ya kampuni yenye minara nchi nzima. Mwana FA huyo huyo baadaye akawa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM, halafu naibu waziri. Sawa tu. Haki yake naitetea, maana haki haina kadi ya chama.

Lakini angalieni ilivyopatikana. Kulikuwa na mlalamikaji mwenye jina. Kampuni ilipewa nafasi ya kujitetea. Ushahidi ukaletwa. Hakimu asiyekula kwa yeyote kati yao akaandika hukumu yenye sababu. Ndipo amri ikatoka.

Sasa niwaonyeshe sheria hiyo hiyo ikigeuzwa rungu.

Marekani wana sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, wanaiita DMCA. Mitandao mingi tunayotumia ni ya Marekani, kwa hiyo sheria ile inatufikia mpaka Mabatini. Inafanya kazi hivi: mtu akilalamika kwamba umeweka kazi yake bila ruhusa, mtandao unaiondoa haraka ili wenyewe usishitakiwe. Malalamiko yakirundikana, akaunti inafungwa. Hakimu hayupo hapo. Unaondolewa kwanza, kujitetea baadaye.

Kuna watu wakaona mwanya. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kwamba imeondoa akaunti 268 zilizokuwa zinapeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania, pamoja na mwanzilishi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaeleza mbinu yenyewe. Wanachukua maneno au picha kutoka kwenye twiti ya mkosoaji, wanazibandika kwenye tovuti waliyoitengeneza wao, halafu wanakimbia Twitter: "Huyu ametuibia!" Mwenye kazi anageuzwa mwizi wa kazi yake mwenyewe. Ni kama mtu aje mwaloni, achukue tenga lako la dagaa, aandike jina lake, halafu akuitie polisi.

Utasema, si angekata rufaa? Ngoja. Ili upinge malalamiko ya DMCA unatakiwa uandike jina lako halisi, anwani na namba ya simu, na taarifa hizo zinapelekwa kwa yule aliyekulalamikia. Mwanaharakati anayeandika kwa jina la kuficha kwa sababu anaogopa, anaambiwa achague: unyamaze, au ujitangaze unakaa wapi. Mnaona rungu lilivyo?

Kwa hiyo ngao na rungu vimetoka kwenye wazo moja la hakimiliki. Kilichovitofautisha ni kwamba kwenye kesi ya Ilala alikuwepo hakimu kabla ya amri. Kwenye malalamiko ya Twitter hakuwepo.

Shikeni hapo, sasa tuje nyumbani kwenye swichi kubwa.

Oktoba 2020, kuelekea uchaguzi, TCRA ilisimamisha ujumbe mfupi wa simu unaotumwa kwa watu wengi, na siku moja kabla ya kura mitandao ya kijamii ikaanza kugoma. Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zikasimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Katuni, jamani! Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba 2025 JamiiForums wakasimamishiwa leseni siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, karibu siku 5.

Naomba tusiipite haraka hiyo ya mwisho. Maandamano yalikuwa yamezuka kwenye miji kadhaa, Mwanza ikiwemo. Watu wamepoteza maisha. Siku ambazo mama alihitaji kuliko siku zote kujua mwanae yuko wapi, ndizo siku alizozimiwa. Hiyo nayo ni sehemu ya madhara, na hakuna fidia ya bando itakayoilipa.

Serikali ina hoja zake, na sisi siyo watoto, tuzisikilize. Wanasema mtandaoni kuna uongo, kuna picha chafu, kuna uchochezi. Ni kweli vipo. Mei 2025 X ilifungwa baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa na kuwekwa picha chafu na uzushi kuhusu Rais. Lakini aliyeibiwa funguo ni mwenye nyumba mmoja, mbona tukafungiwa mlango mtaa mzima?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Siku dereva mmoja akipitisha magendo pale, polisi watamkamata dereva. Hakuna mwenye akili atakayefunga daraja siku 5, mgonjwa wa Sengerema abaki ng'ambo akisubiri, halafu atuambie ni kwa usalama wetu.

Na Katiba iko wazi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kutoingiliwa kwenye mawasiliano yake. Ndiyo, Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka. Lakini mipaka inatakiwa iwe kwa sheria iliyo wazi na isizidi lazima. Kuwazima mamilioni kwa ajili ya wachache kunazidi lazima, tena mbali sana.

Madai yangu, na naomba yawe madai ya vijana wa Chama, ni mafupi: mahakama kwanza. Serikali ikitaka kufunga mtandao, akaunti au chombo cha habari, iende kwa jaji na ushahidi, upande wa pili usikilizwe, amri iandikwe yenye sababu na mwisho wake. Leo TCRA ndiyo inayolalamika, na kamati ya maudhui inayosikiliza ni ya TCRA hiyo hiyo. Refa hawezi kuvaa jezi ya timu moja.

Hili siyo la ajabu. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti mwaka 2017. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, hapo ng'ambo ya ziwa, ilitoa amri ya muda kuizuia serikali kuzima mtandao.

Sasa, sisi tufanye nini? Mambo matatu, halafu nakaa.

La kwanza, linda kazi yako. Wewe unayechora katuni, unayerekodi video, unayeandika, tunza faili la awali lenye tarehe. Usifute baada ya kuposti. Siku ukiitwa mwizi wa kazi yako, faili hilo ndilo shahidi. Na tuache kubeba kazi za wasanii bila ruhusa kwenye matangazo yetu. Tusimpe mtu rungu la kutupigia.

La pili, jueni sheria. Kuhusu VPN sitawaambia mvunje, nawaambia msome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 muone zinasema nini. Anayejua kilichoandikwa hatishwi na kisichoandikwa.

La tatu ndilo kubwa. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Kwa marekebisho yale, anayefungua kesi ya kikatiba alitakiwa aape namna jambo hilo lilivyomwathiri yeye binafsi. Walidhani wameufunga mlango kwa mawakili wanaharakati wa Dar. Lakini waliuacha wazi kwa mtu mmoja, naye ni wewe. Mwenye kibanda cha gemu Nyakato ambaye siku 5 hakuingiza kitu. Dada wa dagaa pale Kirumba anayetuma picha za mzigo WhatsApp kwa mteja wake Kongo. Bodaboda anayepata wateja kwa programu ya simu. Nyie ndio wenye kesi, sisi wa sheria ni wa kuwaandikia tu.

Kwa hiyo andikeni. Siku ikizimwa tena, andika tarehe, saa, mtandao wa simu unaotumia, na ulichopoteza shilingi kwa shilingi. Tunza risiti na meseji. Na msikae nayo: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inatoa miezi 2 tu tangu kitendo kifanyike. Ukichelewa, hata ukiwa na haki unarudishwa mlangoni.

Pale mezani kuna daftari. Kila aliyepata hasara siku zile aandike maelezo yake kabla hajaondoka. Jina siyo lazima leo, lakini tarehe na hesabu ni lazima. Nakaribisha maswali.