Likizo ya Askari: Kutoka Owino hadi Mombasa



Marobota ya mitumba yanayofunguliwa Owino huingilia bandari ya Mombasa. Askari apataye likizo naye aweza kuifuata njia hiyo hadi baharini. Aizuru Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira kwa karibu miaka mitatu, wakaiteka mwaka 1698. Njaa na maradhi viliwamaliza walinzi. Ukuta haukuwafaa wenye njaa. Vivyo hivyo, fedha ya likizo isiishie baa huku mke na watoto wakilala njaa. Kwanza nyumba, kisha safari. Sare na silaha zibaki kambini. Na siku ya kurejea ikifika, askari awe amekwisha kuripoti.